Farasi 308 za karatasini: shajara ya kupima STI moja, Nairobi na Pwani

Ingizo la 1: Gari na tunachotafuta

Gari la mradi ni Subaru Impreza WRX STI ya milango mitano, GRB ya soko la Japani. Injini ni EJ207 ya lita 2.0, turbo (pampu ya hewa inayozungushwa na moshi) yenye mifereji miwili ya moshi, intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) imekaa juu ya injini chini ya tundu la boneti. Karatasi ya kiwandani inasema farasi 308 kwenye mizunguko 6,400 kwa dakika, msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa newton-mita 422 kwenye mizunguko 4,400, uzito kilo 1,480. Gari halijaguswa: programu ya kompyuta ni ileile ya kiwandani, ekzosi ya kiwandani, filta ya hewa ya karatasi.

Tunataka namba mbili. Ya kwanza, farasi wanaofika kwenye lami Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Ya pili, wanaofika gari hilohilo likishushwa Pwani. Tukishazipata tutajua kama 308 ni kweli, ni chumvi, au ni kweli ya mahali pengine.

Tukubaliane kwanza ni farasi gani. Wa Japani na Ulaya, yule wa PS, ni kilowati 0.7355. Wa Kiingereza na Marekani, yule wa hp, ni kilowati 0.7457. Tofauti haifiki hata asilimia 1.5, lakini imeshavunja urafiki wa watu vijiweni: 280 za Japani ndizo 276 za Uingereza, hakuna aliyeibiwa. Humu farasi ni PS.

Ingizo la 2: Namba ya karatasi ilizaliwaje

Anayedhani namba ya tangazo ni kipimo tu cha maabara aangalie Japani ya kuanzia 1989. Mwaka huo Nissan Fairlady Z mpya, Z32, ilitoka na farasi 280, na watengenezaji wa nchi ile wakakubaliana kwamba hakuna atakayetangaza zaidi ya hapo kwa gari la soko la nyumbani. Haikuwa sheria ya bunge, yalikuwa makubaliano ya waungwana. Yalidumu hadi 2004, Honda Legend ilipotangazwa na farasi 300.

Katikati hapo magari ya turbo yalikuwa yakikua bila namba kukua. Mitsubishi Lancer Evolution IV ya 1996 iliandikwa farasi 280 na newton-mita 353. Evolution IX ya 2005 iliandikwa farasi 280 na newton-mita 400. Nissan Skyline GT-R ilifanya vivyo hivyo: R32 ilikuwa na 280 na newton-mita 353, R34 ikawa na 280 na newton-mita 392. Msokoto ulipanda kwa sababu hakuna aliyekubaliana kuhusu msokoto. Ukitaka kujua injini ya kipindi kile ilivyokuwa, soma safu ya newton-mita na uiruke ya farasi.

Toyota Supra JZA80 ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi. Injini ya 2JZ-GTE kwa soko la Japani iliandikwa farasi 280, na ya Marekani ikaandikwa hp 320. Hazikuwa sawa kabisa, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Za Marekani zilikuwa na injekta kubwa zaidi na turbini za chuma, ilhali za Japani zilikuwa na turbini za kauri, nyepesi na za kuamka haraka. Mtu akisikia kwamba ni injini ileile iliyofungwa kamba, anapandisha presha ya turbo ya Kijapani, kauri inapasuka, na vipande vinaishia kwenye ekzosi. Turbo za RB26, injini ya Skyline GT-R, za R32 na R33 zina ugonjwa huohuo.

Gari letu lilitoka 2007, ukomo ukiwa umeshaondoka. Kwa hiyo 308 haina sababu ya kujificha. Ina masharti yake tu: imepimwa kwenye flaiwili, yaani kabla ya giaboksi, injini ikiwa kwenye stendi ya maabara, na kwa petroli ya oktani (uwezo wa kubanwa bila kujilipua) ya juu ya Japani. Kiwango cha nchi ile kinataka petroli hiyo isipungue oktani 96, na pampuni kwa kawaida inauzwa kama 100. Hayo masharti ndiyo tutakayokutana nayo barabarani.

Ingizo la 3: Kukagua kabla ya kupima

Kupima gari linalovuja hewa ni kupima uvujaji. Tulianza na njia nzima ya hewa, kuanzia mdomo wa turbo hadi kwenye manifold, bomba linalogawa hewa kwa silinda. Mdomo wa turbo unazibwa kwa kizibo cha plastiki chenye valvu ya tairi, klipu inakazwa, kisha unaingiza hewa ya kompresa taratibu hadi bar 1. Kifuniko cha mafuta ya injini kinafunguliwa ili presha inayopenya isilundikane ndani na kusukuma sili nje. Maji ya sabuni yanapuliziwa kwenye kila kiungio.

Tulikuta mapovu sehemu mbili. Ya kwanza ni mpira unaounganisha turbo na intakula. Klipu ilikuwa imekazwa ikiwa imepinda. Ya pili ni gasketi ya valvu ya kurudisha hewa, iliyokauka hadi inakatika ukiishika. Gasketi ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini Subaru hii inapima hewa kwa sensa iliyo kabla ya turbo. Hewa ikishapimwa halafu ikatoroka, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya hewa ambayo haipo. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi zinakuwa nyeusi, na turbo inazunguka kwa kasi zaidi kufidia kilichotoroka. Nairobi, ambako turbo tayari inafanya kazi ya ziada, hilo si la kuachwa.

Vingine tulivyokagua:

- Hosi nyembamba ya westigeti, mlango unaopunguza moshi unaozungusha turbo. Kwenye Subaru nyingi za EJ, ndani ya hosi hiyo kuna kidonge cha shaba chenye tundu dogo. Fundi akibadilisha hosi bila kuhamisha kidonge, westigeti inapata hewa nyingi, inafunguka mapema, na presha haifiki inapotakiwa. Chetu kipo.
- Plagi mpya, mwanya wa milimita 0.7. Mwanya mkubwa unazimwa na presha, na injini inakohoa juu ya mizunguko 5,000.
- Kitufe cha SI-Drive, cha kuchagua hali ya injini, kiwe Sport Sharp. Kwenye hali ya I kompyuta yenyewe inapunguza nguvu. Grafu dhaifu za GRB zinazosambazwa mara nyingi zina kosa hili na si lingine.
- Mfumo wa kuzuia kuteleza uzimwe kabisa kwa kushikilia kitufe, siyo kukigusa tu.
- Betri isitolewe siku ya kupima. Kompyuta ikisahau ilichojifunza kuhusu noki (petroli kujilipua kabla ya zamu yake) inaanza upya, na namba za siku hiyo si za gari unalolijua.

Sensa ya joto la hewa ya gari hili imo pamoja na sensa ya kupima hewa, yaani kabla ya turbo. Ukiona digrii 27 kwenye skrini usidhani ndiyo hewa inayoingia kwenye silinda. Tuliingiza thermokapo (waya wa kupima joto) ya aina ya K kwenye manifold ili tuone joto baada ya intakula.

Ingizo la 4: Lami, Nairobi

Gari lilipitishwa kwenye mizani ya malori likiwa na watu wawili, petroli na vifaa: kilo 1,610. Usitumie uzito wa karatasi. Kosa la kilo 80 ni kosa la asilimia 5, na hakuna hesabu itakayolirekebisha baadaye.

Mahali ni uwanja binafsi wa ndege wenye lami, umefungwa. Kasi tunazotaka zinazidi 110 za barabara kuu, kwa hiyo barabara ya umma haimo kwenye mjadala. Gia ni ya tatu, kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,800, pedali ya mafuta chini kabisa kwa pigo moja. Gia ya tatu inafika karibu na kilele cha nguvu kwenye kilomita 120 kwa saa, kama mizunguko 6,200. Gia ya nne ingekuwa bora kwa turbo kwa sababu inaipa muda wa kujaa, lakini kilele kingekuja kwenye zaidi ya 170, na uwanja hautoshi.

Kasi tunaichukua kwenye mizunguko ya injini, siyo kwenye GPS peke yake. GPS ya sampuli 10 kwa sekunde tunaitumia kupata uwiano mmoja tu, mizunguko mingapi kwa kila kilomita 1 kwa saa, gari likienda kwa mwendo usiobadilika. GPS ya simu, ya sampuli moja kwa sekunde, haifai kabisa. Ukitafuta mchapuko kutoka kwayo unapata grafu yenye meno kama msumeno.

Hesabu yenyewe:

nguvu = (uzito × kizidisho cha vinavyozunguka × mchapuko + upinzani wa hewa + msuguano wa tairi) × kasi

Kizidisho cha vinavyozunguka kinahesabu flaiwili, shafti na magurudumu, ambavyo navyo lazima viharakishwe. Kwa gia ya tatu tumetumia 1.07. Upinzani tumeupata kwa kuserereka: unafika 120, unakanyaga klachi, unaacha gari lipungue lenyewe. Kipande kizima cha 120 hadi 60 kingehitaji zaidi ya kilomita moja na nusu, hivyo tuliserereka kwa vipande, kila kipande kwenda na kurudi.

Namba za Nairobi kwenye 120, ambayo ni mita 33.3 kwa sekunde, hewa nyuzi 25, presha ya anga kilopaskali 83:

Mchapuko ulikuwa mita 2.60 kwa sekunde kila sekunde. Nguvu ya kusukuma uzito ni newton 4,480. Upinzani wa hewa newton 404, tairi newton 205. Jumla 5,089, mara 33.3, ni kilowati 169.6. Yaani farasi 231 kwenye magurudumu.

Mteremko ndio mwongo mkubwa wa njia hii. Asilimia 1 tu ya mteremko, ambayo jicho halioni, ni newton 158, na kwa kasi ile ni farasi 7. Upepo wa kilomita 10 kwa saa usoni ni farasi 3 hivi. Ndiyo maana kila mbio ina pacha wake wa kurudi, na ukipewa mbio moja ya upande mmoja, iweke kando.

Kutoka magurudumuni kurudi kwenye flaiwili tumetumia hasara ya asilimia 18 kwa giaboksi, difu tatu na shafti. Ni kadirio. Msomaji makini atasema sehemu ya msuguano wa difu tayari imo kwenye kuserereka, na ni kweli. Lakini gari likiserereka gia hazibebi mzigo, na hasara kubwa ya gia ni ile ya mzigo. 231 gawanya kwa 0.82 ni farasi 282.

Tulitaka shahidi wa pili asiyejua lolote kuhusu tairi wala mteremko. Sensa ya hewa ilisoma gramu 225 kwa sekunde. Mchanganyiko ulikuwa 11.2 za hewa kwa 1 ya petroli, kwa hiyo petroli ni gramu 20.1 kwa sekunde, kilo 72 kwa saa. Injini ya turbo yenye mchanganyiko mzito namna hii inakula karibu gramu 345 kwa kila kilowati-saa. Inatoka kilowati 210, farasi 285. Mashahidi wawili wamepishana kwa farasi 3.

Ingizo la 5: Daino, na farasi 354

Gari lilipelekwa kwenye daino, mashine ya rola inayopima nguvu ya gari, ya rola nne. Ya rola mbili haifai gari la difu ya kati. Magurudumu ya mbele yakizunguka na ya nyuma yamesimama, difu hiyo ndiyo inayolipa.

Feni kubwa iliwekwa mbele ya grili. Hilo ni zuri kwa rejeta na halina maana kwa intakula yetu, ambayo inavuta hewa kupitia tundu la boneti. Mbio ya kwanza manifold ilikuwa nyuzi 47, ya tatu nyuzi 66, na farasi 11 walikuwa wameshayeyuka. Tuliomba feni ya pili, tukaielekeza kwenye tundu, tukasubiri dakika 6 kati ya mbio na mbio. Baada ya hapo mbio tatu zilipishana kwa farasi 2.

Karatasi tuliyokabidhiwa mlangoni ilisema 354.

Tukaomba faili ghafi. Namba iliyosomwa na rola ilikuwa 226. Hapo tumepishana kwa farasi 5 na lami, jambo la kawaida kwa tairi zinazobanwa kwenye rola. Halafu programu ikazidisha kwa 1.253, kizidisho cha kusahihisha hali ya hewa, ikapata 283. Halafu mtu akachagua hasara ya asilimia 20 na kugawanya kwa 0.80. Ndipo ikatoka 354. Hakuna aliyedanganya kwa makusudi. Kila hatua ina kitufe chake kwenye programu, na vyote vilikuwa vimewashwa.

Kwa hiyo gari lisiloguswa lina namba tatu: 354 ya karatasi ya daino, 308 ya kiwanda na 282 ya lami. Mwenye gari kama hili angeondoka na ya kwanza akifurahi, angeweka filta mpya wiki inayofuata, angerudi siku ya joto, angeambiwa 340, na angemlaumu muuza filta.

Ingizo la 6: Kwa nini kizidisho hakimfai mwenye turbo

Kizidisho cha SAE J1349, kiwango cha wahandisi wa magari wa Marekani, ni kitu halali. Kimetengenezwa ili injini iliyopimwa siku ya mvua na iliyopimwa siku ya jua zilinganishwe kwenye hali moja: nyuzi 25 na hewa kavu ya kilopaskali 99. Hesabu yake ni 1.18 × (99 ÷ presha kavu) × kipeuo cha pili cha (joto ÷ 298), kisha unatoa 0.18. Kipeuo cha pili ni kile kitufe cha alama ya mzizi kwenye kikokotoo, na joto ni la kelvini. Nairobi presha ya anga ni 83. Toa mvuke wa maji, inabaki 81.5. Matokeo ni 1.253.

Kiwango chenyewe hakikukusudiwa kwa masahihisho makubwa kiasi hicho. Kanuni ya Ulaya, R85, inasema wazi kwamba kipimo ni halali kizidisho kikiwa kati ya 0.93 na 1.07. 1.25 iko mbali na mpaka huo. Na kuna daino zinazotumia kizidisho cha zamani kiitwacho STD, ambacho huongeza kama asilimia 4 nyingine juu ya SAE.

Injini isiyo na turbo inapumua hewa iliyopo. Anga ikiwa 83 badala ya 101, imepoteza karibu asilimia 18 ya hewa, na kizidisho kikubwa angalau kina mantiki. Turbo haiko hivyo. Kompyuta ya gari letu inafunga westigeti na kusukuma zaidi. Kwenye mizunguko 6,200, manifold Nairobi ilisoma kilopaskali 210 kamili, ukihesabu kutoka sifuri na siyo kutoka anga. Kumfidia kwa asilimia 25 mtu ambaye turbo imeshamfidia ni kumlipa mshahara mara mbili.

Hata hivyo fidia ya turbo si ya bure, na hapa ndipo penye utamu. Ili kufikisha 210 kwenye manifold, ukiongeza kilopaskali 10 zinazopotea ndani ya intakula na kutoa 2 zinazopotea kwenye filta, kompresa, upande wa turbo unaobana hewa, inabana kutoka 81 hadi 220. Huo ni uwiano wa 2.72. Kwa ufanisi wa asilimia 72, hewa iliyoingia na nyuzi 25 inatoka kwenye kompresa na nyuzi 162. Intakula ndogo ya juu ya injini inakuwa na kazi ngumu, na hewa ya kuipoza nayo ni nyepesi. Turbo inazunguka kwa kasi zaidi kuliko mahali popote ufukweni. Kwa sababu hiyo programu ya kiwandani hupunguza lengo la presha anga ikiwa nyembamba, ili kulinda beringi za turbo. Mtu anayefuta ulinzi huo kwa sababu anataka ifike bar ileile ya Mombasa anajiandikia tarehe ya kununua turbo nyingine.

Gari ambalo westigeti yake inategemea springi tupu, bila kompyuta, lina hesabu yake. Bar 1.2 ya geji Mombasa ni kilopaskali 221 kamili, bar 1.2 hiyohiyo Nairobi ni 203. Geji inaonyesha kitu kilekile na asilimia 8 ya hewa haipo. Geji ya turbo inapima tofauti na anga, haipimi hewa.

Ingizo la 7: Pwani

Gari lilelile, tairi zilezile, presha ya tairi imewekwa upya asubuhi. Hewa nyuzi 31, anga kilopaskali 101, unyevu mwingi. Kizidisho cha SAE hapa ni 1.024, namba ambayo mtu anaweza kulala nayo.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Mchapuko kwenye 120 ulikuwa 2.52, chini ya Nairobi. Upinzani wa hewa umepanda hadi newton 479 kwa sababu hewa ni nzito, kwa hiyo nguvu si mbaya kama mchapuko unavyosema, lakini bado ilikuwa farasi 228 magurudumuni. Gari lenye hewa tele lilikuwa dhaifu kuliko likiwa mlimani.

Kumbukumbu ya kompyuta ilieleza lenyewe. Kuanzia mizunguko 3,800, marekebisho ya noki yalikuwa hasi digrii 4 hadi 5. Tangi lilikuwa limejazwa petroli ya kawaida njiani, ilhali mbio za Nairobi zilifanyika kwa petroli ya daraja la juu. Nairobi kosa hilo lingesameheka kwa kiasi: presha kamili ni ndogo, na moshi unatoka kwenye anga nyepesi hivyo hautuami sana ndani ya silinda. Pwani hakuna msamaha. Presha ni kubwa, hewa inayoingia ina joto, na petroli isiyofika oktani ambayo injini iliandikiwa inalipuka kabla ya zamu yake. Kompyuta inarudisha nyuma taimingi, wakati wa kuwasha cheche, na farasi wanatoka kupitia ekzosi wakiwa joto.

Tulikausha tangi hadi taa ya mafuta, tukajaza petroli ya daraja la juu, tukaendesha kilomita 150 za kawaida ili kompyuta ijifunze upya. Kilomita 10 hazitoshi. Usiangalie tu noki ya papo hapo, angalia na kile ilichokihifadhi.

Siku ya pili: mchapuko 2.72. Newton 4,687 za uzito, 479 za hewa, 205 za tairi. Jumla 5,371, kilowati 179, farasi 243 magurudumuni. Kwa hasara ileile ya asilimia 18, farasi 297 kwenye flaiwili. Kwa kizidisho cha 1.024, 304.

Sensa ya hewa ilisoma gramu 236 kwa sekunde, asilimia 5 juu ya Nairobi, na farasi nao wamepanda asilimia 5. Manifold ilikuwa kilopaskali 225 na nyuzi 52. Kompresa hapa ilibana kwa uwiano wa 2.37 tu, na ingawa ilianza na hewa ya nyuzi 31, kwa hesabu ileile inatoa nyuzi 149, chini ya Nairobi iliyoanza na 25.

308 ya kiwanda, basi, tumeifikia kwa upungufu wa farasi 4, ndani ya mipaka ya makosa ya njia yetu. Kiwanda hakikutia chumvi. Tofauti halisi kati ya Pwani na Nairobi kwa gari hili ni farasi 15 kwenye flaiwili, 12 magurudumuni, siyo 25 kwa mia kama karatasi ya daino inavyodai. Petroli mbaya peke yake ilikula 15 magurudumuni, zaidi ya mlima mzima.

Ingizo la 8: Kwa anayetaka kurudia, na kinachofuata

Ukienda kwenye daino ya mji wa mwinuko kama Nairobi na gari la turbo, omba vitu vinne kabla hujalipa: namba ghafi ya magurudumuni, kizidisho kilichotumika kimeandikwa kwenye karatasi, joto la manifold kwa kila mbio, na presha kamili ya manifold. Wakikuambia programu haitoi namba ghafi, inatoa. Kuna mahali pa kuchagua kizidisho na mojawapo ya chaguo ni 1.00. Hasara ya giaboksi usikubali kuchaguliwa. Bakia na namba ya magurudumuni, linganisha kabla na baada kwenye daino hiyohiyo.

Kwa lami, faili yetu ya lahajedwali ina safu za uzito, presha ya anga, joto, mchapuko na kuserereka. Mwenye Legacy GT au Forester XT abadilishe uzito na eneo la mbele, na aserereke upya. Asinakili 0.75 yetu ya upinzani wa hewa (kizidisho cha umbo mara eneo la mbele) kwa Forester, ni gari refu kwenda juu.

Bado hatujapima gia ya nne, kwa sababu ya urefu wa uwanja. Filta ya karatasi ina vumbi la safari ya kwenda na kurudi. Itabadilishwa, na mbio tatu za Nairobi zitarudiwa kabla na baada, feni mbili, dakika 6 katikati, kizidisho 1.00. Gasketi ya valvu imeshikilia. Klipu ya mpira wa turbo ilikazwa tena baada ya Pwani, ilikuwa imelegea robo mzunguko.